Mkono Ambao Haukuvimba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki ya ngozi mjini Biharamulo, nilimkagua mkuu wangu wa kazi kabla hajanikagua mimi. Nilitazama kucha zake, kola ya koti lake jeupe, na jinsi alivyofunga kabati la dawa. Msinione mtovu wa adabu. Nimezaliwa dukani. Babu yangu alitoka pwani na biashara ya chumvi na vitambaa, akaoa na kutulia Biharamulo, na sisi wajukuu tulikua nyuma ya kaunta tukifundishwa kuangalia mikono ya mteja kabla ya uso wake. Jina langu ni Mwanahawa. Nilikuwa muuguzi tangu ujana mpaka nilipostaafu juzi juzi, na kushuku watu sijaacha hadi leo.

Mkuu huyo tulimwita kwa cheo chake, Tabibu wa Ngozi. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Mgonjwa wetu wa kwanza asubuhi ile alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyejaa mabaka yaliyoinuka, mgongoni, mapajani, hadi kwenye kope. Aliyataja yote aliyoyashuku: maharage, nyanya, sabuni mpya, blanketi la mkewe, na jirani mmoja aliyemsalimia vibaya. Nilikuwa nimeshaanza kumwamini kuhusu jirani. Tabibu alichukua kalamu ya wino, akazungushia duara baka moja la mkononi, akamwambia mwalimu arudi kesho. Alipotoka nilimuuliza Tabibu kama amemchora mgonjwa kwa mzaha.

"Kesho utaona," akasema. "Baka likiwa limehama likaacha duara tupu, hiyo ni utikaria. Likiwa palepale, tutafute ugonjwa mwingine. Na usikilize vizuri, binti. Mgonjwa wa mabaka atakutajia vitu vingi. Hadanganyi, lakini vingi si sababu."

Kesho yake duara lilikuwa tupu na mabaka yamehamia shingoni. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii.

Kwa ninyi vijana ambao hamjakutana nayo, watu mtaani huita yote hayo aleji. Utikaria ya kawaida huja na kuondoka. Ile sugu hurudi na kurudi kwa zaidi ya wiki sita, wengine miezi, wengine miaka, na mara nyingi hakuna chakula wala sabuni inayohusika. Katika ngozi zetu sote kuna seli zilizobeba vifuko vidogo vya kemikali iitwayo histamini. Seli hizo zikishtuliwa, humwaga. Mishipa myembamba ya damu inalegea na kuvuja maji, ngozi inainuka, na mwasho unaanza. Vidonge kama setirizini haviondoi histamini mwilini. Vinawahi mlangoni na kukaa, ili histamini ikifika isipate pa kuingia. Yashikeni hayo, maana kisa changu chote kimesimama hapo.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa wilaya ya Ngara, kwanza Nyamiaga, karibu na mji. Huko Kiswahili ni cha shule, soko na ofisi. Nyumbani watu huongea Kihangaza, na mimi niliyezoea kusikia kila neno sebuleni nikajikuta nimekaa kwenye mikutano ya watu wanaocheka nisijue wanamcheka nani. Unaweza kukisia nilidhani wanamcheka nani.

Wiki ileile tulimtembelea mama mmoja aliyejifungua. Akanimiminia mutobe, ile juisi ya ndizi mbivu kabla haijachachushwa kuwa pombe, na mbele ya macho yangu akanywa funda la kwanza yeye, ndipo akanipa kikombe. Nilikasirika. Kwetu hupewi kikombe ambacho mtu ameshatia mdomo. Muuguzi Mfawidhi aliyekuwa pamoja nami, mama mnene mwenyeji wa Kibimba, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Kunywa, Nesi," akasema. "Huku mgeni hapewi kitu mpaka mwenye nyumba ameonja, ili ujue hakuna kitu humo. Siku utakayopewa bila kuonjewa ndiyo uanze kutafuta viatu vyako."

Niliipenda desturi hiyo papo hapo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimekutana na watu wanaoshuku kwa utaratibu. Nilikunywa mpaka chini.

Ila nilijifunza pia upande wake mwingine. Mahali ambapo watu huonjeana vinywaji, neno sumu liko karibu na mdomo. Mtu akikonda, amelishwa kitu. Akihara, amelishwa kitu. Na mtu akivimba midomo na macho jioni, asubuhi akaamka mzima, jioni akavimba tena, hapo hata wenye elimu zao huanza kuulizana nani anapika katika nyumba ile.

Miaka yangu ya mwisho kazini ndiyo ulipokuja utafiti wa utikaria sugu, katika wilaya zote mbili, Ngara na Biharamulo. Mtafiti Mkuu alikuwa daktari bingwa wa ngozi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti bila kukifuta kwanza. Nilimheshimu kwa hilo. Alinichukua kwa sababu nilijua pande zote mbili za barabara. Na mimi nilikubali, lakini nilimuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa akiniuliza sokoni.

"Daktari, damu tunayowatoa watu inakwenda wapi?"

Hakuudhika. "Inarudi kwao wenyewe, Nesi. Na wewe ndiye utakayewaonyesha."

Ilikuwa kweli. Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Unamtoa mgonjwa damu kidogo, unaiacha igande, unaitia kwenye mashine inayozungusha kwa kasi. Damu inajitenga: chini kizito chekundu, juu maji ya rangi ya majani makavu yanayoitwa seramu. Kisha unachoma sindano ndogo sana tatu ndani ya ngozi ya mkono wa mgonjwa, mbalimbali. Ya kwanza ni maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuvimbisha mtu yeyote. Ya pili ni histamini, ambayo lazima imvimbishe kila mtu, mgonjwa na mzima. Ya tatu ni seramu yake mwenyewe. Unasubiri kama nusu saa, unapima. Seramu ikivimba, tunaelewa kwamba ndani ya damu yake kuna kingamwili, yaani askari wa mwili, waliogeuka kuzishtua seli zake wenyewe. Tulichoma pia watu wazima wasio na ugonjwa, waliojitolea, ili kulinganisha.

Ile mashine niliiweka mezani mbele ya macho ya mgonjwa, na kichupa chake hakikutoka nje ya chumba. Watu wakaacha kusema kwamba damu inauzwa. Wengine, namaanisha. Wengine wanasema hadi leo.

Na kila mgonjwa aliambiwa aache vidonge vya mzio siku kadhaa kabla ya kipimo. Siku moja pale Biharamulo, mkono wa kijana mmoja uligoma kuvimba kwenye histamini. Nilianza kushuku chupa, friji, mpaka dereva. Mtafiti Mkuu alitikisa kichwa.

"Mkono ukikataa histamini, usigombane na mkono," akasema. "Uliza tumbo limemeza nini."

Kijana akakiri: alikuwa na mafua, akanunua vidonge vya mafua dukani, na ndani yake kulikuwa na dawa ya mzio. Nililiweka neno lile akilini. Sikujua kwamba litakuja kumwokoa mtu.

Mtu mwenyewe ni Bibi Leokadia wa kijiji cha Kanazi, Ngara.

Alikuwa mjane mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Aliishi katika boma la mwanawe Filibert, ambaye siku nyingi alikuwa safarini akinunua maharage ya kuuza. Mke wa Filibert aliitwa Evodia. Huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa wetu. Mabaka yalimwanza baada ya kujifungua mtoto wa pili, wakati ambapo mama mkwe ndiye aliyekuwa akimpikia. Basi hapo unaona yalikoelekea maneno. Mwanzoni walinong'ona jikoni. Halafu Baba Mdogo, yaani mdogo wake marehemu mume wa Bibi Leokadia, akayasema kwenye kikao cha ukoo: huyu mama anamlisha mkamwana sumu pole pole. Kama ni kweli, hakai tena Kanazi. Atarudi kwa kaka yake, na shamba la migomba na mibuni alilolilima na mumewe ataliacha nyuma.

Baba Mdogo alikuja mwenyewe kwenye zahanati ya Kanazi, tulikofanyia vipimo, kunieleza. Alivua kofia, akanisalimu vizuri sana. Nilimshuku hapohapo, kwa sababu shamba lake na lile la Bibi Leokadia yamepakana.

"Nesi, sisi hatutaki maneno mengi," akasema. "Kipimo chenu kiseme tu. Tena mchunguze na hili: mchana yule mama anasinzia kwenye mibuni. Mtu mzima anayesinzia mchana, usiku anakuwa wapi?"

Nilimwambia kipimo chetu hakitafuti sumu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu asiyesikia. Nikajua ukoo mzima unangoja mkono wa Evodia kama watu wanaongoja hukumu.

Lakini nisijifanye mtu wa haki. Na mimi nilikuwa na shuku yangu juu ya Bibi Leokadia. Filibert alikuwa amempa mama yake vidonge vya setirizini avitunze juu, watoto wasivifikie, na kila jioni ampelekee Evodia kimoja. Vidonge tulivyotoa vya mwezi vilikuwa vikiisha nusu ya mwezi. Mara mbili mfululizo. Nilipomuuliza, alisema tu, "Vimeisha." Mtoto wa dukani akisikia bidhaa imeisha kabla ya wakati, hahitaji kuambiwa zaidi. Nilikuwa na hakika bibi yule anauza vidonge gulioni.

Tulimwambia Evodia aache vidonge kabla ya kipimo. Siku zile zilikuwa mbaya kwake. Alikuja zahanati asubuhi ya kipimo akiwa na jicho moja limefungika na mikono amejikuna hadi imechubuka. Nyuma yake wakaja watu: Filibert, Baba Mdogo, shangazi wawili, na mbali kidogo, peke yake, Bibi Leokadia ameshika mwavuli uliokunjwa. Niliwaambia chumba ni cha mgonjwa tu. Evodia mwenyewe akasema anataka wote waone, ili isije ikasemwa kwamba amehonga mtu. Basi wakabanana mlangoni.

Nilipomshika Evodia mkono, Bibi Leokadia akapita katikati yao, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, akakunja mkono wa gauni.

"Naanza mimi," akasema. "Mukimuchoma yeye kwanza, watasema kuna kitu niriweka. Kwetu mwenye nyumba ndiye anaonja."

Mradi ulihitaji watu wazima wa kulinganisha, na yeye alikuwa amejitolea kwa kinywa chake mbele ya mashahidi. Nilimweleza kila hatua, akakubali kila hatua. Nikamuuliza kama tulivyotakiwa: mama, umemeza dawa yoyote siku hizi? Ya kichwa, ya mafua, ya kienyeji?

"Mimi siumwi. Dawa ya nini?"

Nikamtoa damu, nikaizungusha, nikamchoma mara tatu. Kisha Evodia, mara tatu. Kila mmoja kwa kichupa cha damu yake mwenyewe, niliwaonyesha wote mlangoni. Tukasubiri. Nje bodaboda ilipita, na ilipopita kila mtu akaiangalia kwa sababu hakuna aliyetaka kumwangalia mwenzake.

Mkono wa Evodia ulisema tulichotarajia. Maji ya chumvi, hakuna kitu. Histamini, uvimbe. Seramu yake, uvimbe mkubwa kupita ule wa histamini. Kwa mtu wa kazi yangu, jibu lilikuwa wazi: adui alikuwa ndani ya damu yake mwenyewe, hakutoka chungu cha mtu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwaeleza.

Halafu nikatazama mkono wa Bibi Leokadia. Chumvi, tambarare. Seramu, tambarare, sawa. Histamini, tambarare.

Niliinama nikatazama tena. Niligusa kwa kidole. Ngozi ilikuwa imelala kana kwamba sijaigusa kabisa.

"Hiyo ya katikati ni ya nini?" Baba Mdogo aliuliza kutoka mlangoni.

Nami, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimeshawaambia wakati wa kuchoma: hii humvimbisha kila binadamu.

"Kila binadamu," akarudia. Aligeuka kuwatazama shangazi. "Mmeona wenyewe. Kwa mtoto wa watu imevimba. Kwake haifanyi kitu. Sumu imezoeana naye."

Shangazi mmoja alirudi nyuma hatua akavuta kitenge kifuani. Evodia alianza kulia kwa lile jicho moja lililofunguka. Bibi Leokadia alikuwa akiutazama mkono wake kama mtu aliyesalitiwa na mtoto wake, na mimi niliyemshuku tangu mwanzo nilijisikia vibaya, kwa sababu shuku yangu ilikuwa ya vidonge gulioni na hii yao ilikuwa ya kumtoa mtu nyumbani kwake.

Nilichukua chupa ileile ya histamini, nikakunja mkono wangu, nikajichoma mbele yao. Tukasubiri tena. Ukavimba, ukaniwasha vizuri. Chupa ilikuwa nzima. Baba Mdogo akasema hilo ndilo alilokuwa akisema yeye: nesi amevimba, mkamwana amevimba, mmoja tu hajavimba. Kesho asubuhi mama huyu aelekee kwa kaka yake, na kikao kimekwisha.

Hapo ndipo sauti ya chini ya Mtafiti Mkuu ikanijia. Usigombane na mkono.

Tumbo la Bibi Leokadia lilikuwa limemeza kitu. Anasema hajameza dawa. Vidonge vinaisha nusu ya mwezi. Anasinzia mchana kwenye mibuni, na setirizini huwasinzisha baadhi ya watu, hasa wazee. Kwa hiyo hauzi gulioni, anameza mwenyewe! Lakini kwa nini mtu asiyeumwa ameze vidonge vya mwenzake kisha akatae? Niliona hapo pana jambo, na sikulielewa, na mimi nisipoelewa jambo silali.

"Twendeni nyumbani kwenu," nikasema. "Nataka kuona dawa inapokaa."

Tulikwenda kwa miguu, zahanati na boma lao haviko mbali. Bibi Leokadia alitangulia. Ndani kulikuwa na meza, viti, na kabati refu lenye ufunguo. Nilijua nikimuuliza kwa maneno atanijibu "vimeisha", kwa hiyo sikumuuliza.

"Mama," nikamwambia, "chukulia sasa ni jioni. Nionyeshe unavyompa mkamwana wako dawa. Usiruke kitu."

Alinitazama kama naulizia jinsi ya kufagia. Kisha akanawa mikono. Akafungua kabati, akateremsha kikopo. Akachukua kisahani, akaweka vidonge viwili. Akamimina maji kwenye kikombe. Akaketi mbele ya Evodia, akasogeza kisahani katikati yao. Akachukua kidonge kimoja, akakiweka kinywani kabla sijawahi kumzuia, akanywa maji, akameza, akafungua mdomo kidogo kuonyesha kwamba kimeshuka. Akapangusa ukingo wa kikombe kwa kiganja. Ndipo akamsogezea Evodia kisahani chenye kidonge kilichobaki.

Alifanya yote bila haraka, kama kazi aliyoifanya kila jioni kwa miezi.

"Kila siku hivyo?" nikauliza.

"Kira jioni."

"Na siku hizi ambazo Evodia aliambiwa aache?"

Bibi Leokadia akageuza kichwa. "Ariambiwa aache?"

Evodia alikuwa ameinamisha uso. "Alileta kila siku," akasema. "Anameza chake, mimi changu nakiacha kwenye kisahani. Sikumwambia. Tulikuwa hatuongei."

"Niriona," akasema bibi polepole kwa Kiswahili chake, "niriona hamezi. Nikasema amenishuku zaidi. Nikawa nameza mbere yake nikikaa karibu, aone vizuri."

Nilimuuliza Evodia ilianza vipi. Alisema siku ya kwanza Filibert alipokabidhi vidonge kwa mama yake, yeye alikataa kupokea dawa kutoka mkono ule. Alimwambia mama mkwe wake: anza wewe.

"Akasema nianze," akasema Bibi Leokadia. "Nikaanza. Hakusema niache."

Niliwaeleza pale pale, nikiwa nimesimama, na nakiri sauti yangu haikuwa ya muuguzi mtulivu. Nikasema mama huyu amejaa setirizini kuliko mgonjwa mwenyewe. Nikasema mkono wake ulikuwa na dawa ya kuzuia, hiyo ndiyo sababu histamini haikupata pa kuingia. Amekuwa akisinzia shambani kwa ajili ya kidonge alichomeza ili mtu mwingine asiogope. Na uvimbe wa Evodia umetoka kwenye damu ya Evodia, mmeiona nikiizungusha.

Baba Mdogo alikuwa wa kwanza kujikwamua. "Maneno matamu," akasema. "Nesi anatafuta kumkingia kifua mzee mwenzake. Tutajuaje?"

Nikamjibu kwamba ana haki ya kutoamini, hata mimi nisingekubali kirahisi. Mama apewe siku kadhaa bila kidonge, nije nimchome tena mbele yao. Baba Mdogo akasema kikao kilishakata shauri. Wote tukamtazama Filibert, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa kijana mpole, na nilishamhesabu miongoni mwa wanaume wanaosubiri mambo yapite yenyewe. Alikuwa anakitazama kile kisahani.

"Mama haendi popote," akasema, "mpaka mkono wake upimwe tena." Kisha akatoka nje, nikamsikia akipenga kamasi.

Usiku ule nilimpigia simu Mtafiti Mkuu. Aliniomba nirudie habari ya kisahani. Akasema kuanzia sasa tutawauliza watu wa kulinganisha sio tu wamemeza dawa gani, bali pia wamemwonjea nani. Akapandisha pia dozi ya Evodia, kwa sababu kwa wagonjwa wa namna yake kidonge kimoja mara nyingi hakitoshi, ingawa wengi hawaambiwi.

Siku ya kurudia tulifanyia nje ya zahanati, kwenye mwanga, kwa matakwa ya Bibi Leokadia. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Nilichoma. Kama histamini ingekataa tena, nilikuwa sina neno lingine la kusema, na bibi yule angebeba vitu vyake mbele yangu.

Uvimbe ulianza kama doa. Kisha ukainuka, mviringo, ukang'aa, na pembeni yake ngozi ikapata joto. Bibi Leokadia akaanza kujikuna, nikamzuia, akanipiga kofi dogo la mkono. "Unawasha!" akasema kwa furaha, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Shangazi yule aliyerudi nyuma siku ile akasogea, akaugusa uvimbe kwa kidole chake, akamwonyesha mwenzake.

Baba Mdogo akadai naye achomwe. Nilimuuliza maswali yote, nikachukua ridhaa yake, nikamchoma kwa raha iliyozidi kidogo ile inayoruhusiwa. Ukavimba sawasawa na wa shemeji yake. Alishusha mkono wa shati akaondoka akisema ana ng'ombe wa kuwaangalia. Ng'ombe hana. Kama aliliacha lile shamba moyoni mwake au la, sijui, na nikipita Kanazi bado huangalia mpaka wa mashamba yao.

Sasa nimestaafu. Nimerudi Biharamulo, nakaa nyuma ya kaunta ya duka la kaka yangu, na wateja wananiogopa. Vijana wa uuguzi wanaokuja kunisalimia, wakishamaliza shikamoo na marahaba, hutaka niwape siri ya kazi. Sina. Zungushieni baka duara kwa kalamu. Msikimbilie kumkataza mgonjwa maharage na samaki na nyanya mpaka akonde, wakati tatizo liko kwenye damu yake. Shukuni, ni sehemu ya kazi, ila shukuni hadi mwisho. Mimi niliishia gulioni, nikaridhika, na jibu lilikuwa kwenye kisahani. Laiti ningeomba kuonyeshwa mara ya kwanza vidonge vilipoisha mapema, mama yule asingekaa asubuhi ile akiutazama mkono wake. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Mwezi uliopita nilikwenda Kanazi. Mabaka ya Evodia yalipungua pole pole, kisha yakaacha kuja, kama yanavyofanya kwa wengi baada ya muda, na hakuna anayejua vizuri kwa nini. Nilimkuta amenenepa. Bibi Leokadia amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini hasinzii mchana. Tuliketi ndani, na Evodia akaleta mutobe na vikombe vitatu.

Changu alikimimina, akanywa funda la kwanza, akanipa kwa mikono miwili. Nilikipokea nikiwa na amani kabisa. Kisha akamimina cha mama mkwe wake, nami nikakazia macho, maana tabia haistaafu. Hakukipeleka mdomoni. Alikiweka mkononi mwa bibi kikiwa kimejaa, akamkunjia vidole kwenye kikombe kwa sababu ya macho yake, na Bibi Leokadia akanywa mpaka chini huku akiendelea kunisimulia habari za mibuni.